Tyubu ya Musawo: niliyoyasema tukifunga msimu

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi kwenye nyama choma ya kufunga msimu wa klabu yetu ya triathloni hapa Entebbe. Waliokosa kuja waliniomba niandike, basi nimeandika kama nilivyosema, na pale nilipopotea njia nimejiacha nimepotea hivohivo.

Hamjambo wote. Shikamooni wazee, hasa ninyi wa miaka 60 kwenda juu mnaotupita kwenye maji alafu mkifika nchi kavu mnajifanya magoti yanauma. Kocha kanipa dakika kumi, lakini si ni kocha huyuhuyu anayetuambia "bado mzunguko mmoja" mara nne kila Jumanne? Basi leo na yeye atavumilia.

Nitaongea Kiswahili maana ndo lugha ya klabu hii mnavyojua, kocha Mkongomani, mimi wa Busia, Musawo nesi wetu kazaliwa kambini baba yake akiwa mwanajeshi, wale vijana wawili wa pale nyuma wametoka Mwanza. Najua kuna ndugu zetu Waganda hapa ambao wakisikia Kiswahili gizani bado wanashika mfuko, poleni sana, toka 2005 katiba inasema ni lugha rasmi ya pili, mtazoea tu taratibu.

Kwa wageni wasionijua, mimi nauza spea za baiskeli na boda pale Kitooro. Nina miaka 43, watoto watatu, na kuogelea nimejifunza nikiwa na 38. Ndiyo, 38. Mtu amekulia ukanda wa ziwa lakini maji anayoyajua ni ya kwenye jerikani. Na siyo mimi peke yangu, nendeni mwaloni muulize wavuvi wangapi wanajua kuogelea, watu wanalala ziwani usiku mzima na boti ikipinduka ni kuomba Mungu tu. Nchi hii ukisema unakimbia hakuna anayeshangaa, tuna Cheptegei, tuna Chemutai, kukimbia ni jambo la heshima. Ila mama mzima kuvaa kofia ya mpira na kuingia ziwani saa kumi na mbili asubuhi, hapo banange watu wanaanza kukuombea. Kuna mteja wangu mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama nimebatizwa tena, maana kila Jumapili ananiona nimelowa.

Mchezo wenyewe kwa ufupi kwa ajili ya mashemeji waliokuja kula: unaogelea mita 750, unatoka unapanda baiskeli kilomita 20, unashuka unakimbia kilomita 5, na saa haisimami. Hiyo ndo fupi, ya Olimpiki ni mara mbili yake, na ile ya Hawaii ya kuogelea karibu kilomita 4 na baiskeli 180 kisha marathoni nzima juu yake, hiyo msinizungumzie na nyama iko mezani. Watu wanadhani ni mchezo wa wenye pesa, lakini ule wa kwanza kabisa pale San Diego mwaka 1974 walikuwa watu 46 tu, wakimbiaji wa klabu waliochoka kukimbia kila siku wakatafuta vituko. Sisi mwezi wa pili tulikuwa 38, nikihesabu na yule bwana aliyemsindikiza mkewe akashtukia na yeye ana namba mkononi.

Sasa Musawo. Jina lake mnalijua, lakini hapa hakuna anayemwita hivo, ni Musawo tu, nesi wetu, aliyetufundisha wote mambo ya kichocho. Zamani tulikuwa tukitoka ziwani jioni yake tunameza vidonge kisha tunalala kwa amani. Yeye ndo akatuambia mnapoteza hela zenu, ile prazikwanteli inaua minyoo waliokomaa, wale wachanga walioingia kwenye ngozi leo asubuhi inawaacha wakicheka, subiri wiki sita mpaka nane ndo umeze, na upimwe uzito kwanza, siyo kukadiria kwa macho kama unanunua mbuzi.

Mimi na yeye tuko kundi moja, wanawake 40 mpaka 44. Na kundi lenyewe msije mkadhani ni umati, tuko wawili, na akitokea mgeni wa tatu anakimbia mara moja anapanda ndege anaondoka. Kwa hiyo medali kwetu ni suala la kufika salama. Kilichobaki kupigania ni nani yuko mbele ya nani, na samaki. Mwanzo wa mwaka tuliwekeana: kila resi anayeshindwa ananunua ngege mzima wa kukaanga, na mwisho wa msimu mwenye ushindi mwingi anakula yule mkubwa wa kufungia, na chipsi, na soda.

Resi ya kwanza hapa hapa Entebbe. Maji yalikuwa yametulia, upepo haujaamka, ila wale wadudu wa ziwa wanaosimama kama moshi walikuwa wengi, kila nikigeuza kichwa kuvuta hewa navuta na kitoweo. Nilitoka majini mbele ya Musawo sekunde kama ishirini. Mbele! Nikasema leo ngege ni wangu. Nikafika kwenye baiskeli.

Ngojeni niwaeleze vizuri hapa maana ndo palipoanza elimu yangu. Mimi nilikuwa nimekuja na beseni. Nikakaa chini, nikaosha miguu mchanga, nikaifuta, nikaanza kuvaa soksi, na anayejua soksi kavu kwenye mguu wenye unyevu anajua nasema nini, inafika kisiginoni inagoma, unavuta inajikunja, unaitoa unaanza upya. Upande wa pili Musawo alikuwa ametandika taulo dogo jeupe na juu yake vitu vimepangwa kama trei ya sindano. Helmeti imewekwa kinyumenyume, mikanda imefunguliwa nje, miwani ndani yake. Viatu vimetiwa poda, hakuna soksi, hakuna kamba za kufunga, ni lastiki. Hakukaa. Aliinama mara moja tu. Kichwa, klik, mguu, mguu, ameondoka. Mimi nilikuwa bado kwenye soksi ya pili, alafu kwa hasira nikashika baiskeli kabla sijafunga mkanda wa helmeti, refa akanipulizia kipyenga nisimame niirudishe nifunge kwanza.

Mzee wa saa aliandika: Musawo sekunde 52 pale kwenye kubadilisha, mimi dakika 1 na sekunde 50. Mwisho wa resi alinishinda kwa sekunde 31. Hesabu hata mtoto wa darasa la pili anaiona. Nimefanya mazoezi ya kuogelea miezi minne, kulipia bwawa la hoteli shilingi 20,000 kila nikiingia, nikaenda kushindwa na soksi. Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje, na wiki ile nzima jioni nikifunga duka nilikuwa nafanya mazoezi ya kuvaa viatu pale uani, binti yangu anashika saa ya simu, jirani anachungulia. Nilishuka mpaka sekunde 58. Ngege nililipa.

Ya pili Jinja. Wengi wenu mlikuwepo sitarefusha habari za maji, waandaaji walituweka kwenye kona iliyotulia mbali na mkondo, maana pale ziwa linapoanza kuwa Mto Nile ukizembea unaweza kujikuta safarini kuelekea Misri bila paspoti. Nilibadilisha vizuri, bila soksi, nikatoka barabarani nikiwa mbele yake kama dakika nzima, napita boda, napita wauza mahindi, watoto wanapiga kelele "muzungu" na mimi mweusi tii, sijui ni helmeti. Kilomita ya 13 nikasikia psssss.

Nikashuka. Nikafungua kile kimkoba cha chini ya siti. Kulikuwa na kijiko cha kubandulia tairi, pampu ndogo, na risiti ya umeme. Tyubu hamna. Mimi. Mwenye duka la spea, tyubu zimening'inia ukutani kama soseji, nimeenda mashindanoni bila hata moja. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu kinyozi alikuwa na kichaka kabisa.

Nimekaa pembeni ya barabara nimeshika tairi kama mtu anayesubiri kaburi lichimbwe, Musawo huyo anakuja. Nikajua atapita, na angepita nisingemlaumu, ndo mchezo. Akapunguza. Akasimama kabisa, mguu chini. Hakusema pole. Akauliza, "Huna?" Nikatikisa kichwa. Akafungua mkoba wake akanirushia tyubu bado iko kwenye boksi lake. "Utanilipa mpya," akapanda akaenda. Sheria inaruhusu, kwa wanaouliza, mshiriki kumpa mshiriki mwenzake tyubu au pampu, ila mtu wa nje hapana. Nikaitoa kwenye boksi na nikaona mwandiko wangu. Bei, kwa kalamu nyekundu. Ni tyubu aliyoinunua dukani kwangu mwezi ule, tuliigombania nusu saa, mimi nasema kumi na tano yeye anasema kumi na mbili, na nikamwambia wewe mama hii hutakaa uitumie unanisumbua bure.

Nilifika dakika tisa nyuma yake. Mbili bila.

Kwenye gari ya kurudi tumebanana baiskeli zimepanda juu, kocha akatuhadithia ile ya ndugu wawili Waingereza, Brownlee, mnaijua, Mexico mwaka 2016 mbio za mwisho za msimu. Mdogo mtu Jonathan alikuwa anaongoza, zimebaki mita mia chache akaanza kuyumba kama mlevi kwa lile joto. Kaka yake Alistair anakuja nyuma, badala ya kumpita akamshika mkono akamburuza mpaka kwenye mstari, akamsukuma avuke kwanza. Mdogo akawa wa pili, kaka wa tatu, na aliyeshinda ni Schoeman wa Afrika Kusini ambaye huwa watu wanamsahau kabisa kwenye hadithi hii na mimi naona si haki, mtu kashinda bwana, Mwafrika mwenzetu, lakini kila mtu anaangalia wanaoburuzana. Basi gari zima likawa linasema maneno matamu, na mimi nilikuwepo, nikasema kwa sauti, shahidi ni hawa vijana wa Mwanza: "Hata mimi ningefanya hivo, tena kwa Musawo bila kufikiria." Wekeni hayo maneno pembeni, tutayarudia.

Ya tatu Bunyonyi. Safari yenyewe ni resi, kutoka Kampala tu ni zaidi ya kilomita 400, Masaka, Mbarara, unapanda unapanda mpaka Kabale masikio yanaziba. Ziwa zuri lile, visiwa vimetawanyika, vilima vimekatwa ngazi ngazi mpaka juu kwa ajili ya viazi na mtama, na wenyeji wanakwambia halina kichocho wala mamba wala kiboko, ndo maana Musawo siku hiyo alikuwa hana hotuba. Ila liko zaidi ya mita 800 juu ya Entebbe, maji ni ya baridi na hewa ni nyepesi, mita mia mbili za kwanza nilidhani kuna mtu kanikalia kifuani. Nikasema polepole. Nikaogelea kama bibi anayekwenda sokoni. Baiskeli vilima tupu, nikapanda, na kwa mara ya kwanza mwaka huo nikageuka nyuma na Musawo haonekani. Nilimshinda kwa dakika mbili na nusu na nilipiga kelele pale kwenye mstari mpaka ndege wakaruka.

Jioni yake nilikula ngege, kule wanapika vizuri sana lakini hata kamba wa kule ni watamu, wale wa ziwani, jamani, ukienda waulize. Musawo alilipa bila neno. Wiki ya pili nikiwa dukani akapita nesi mwenzake kununua breki akaniambia huyu rafiki yenu ni chuma, alitoka zamu ya usiku Ijumaa asubuhi akaenda moja kwa moja kupanda basi, alilala kwenye kiti usiku mmoja ndo akashindana. Nikampigia simu. Mbona hukusema? Akasema, "Ningesema ungepunguza mwendo." Nikakata simu nikakaa. Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, mpaka leo sijui.

Haya, ya nne. Nilitaka nimalizie Bunyonyi lakini kocha ananiangalia, na yeye anajua kwa nini nimeomba kuongea.

Hii ya mwisho ilikuwa hapa nyumbani. Mbili moja. Nikishinda tunakuwa sare, nikishindwa samaki mkubwa ni wake. Tulitoka majini pamoja, kubadilisha mimi sekunde 55 yeye 54, baiskeli sikumwona lakini nilikuwa namsikia, mnyororo wake una sauti kama panya, nimemwambia mara ngapi alete niutie grisi. Mita 10 nyuma yangu muda wote kama sheria inavyotaka, hakunyemelea mgongoni kwangu kukwepa upepo hata kidogo. Tulishuka, nikatoka kukimbia mbele yake kama sekunde 12. Miguu ile ya kutoka kwenye baiskeli mnaijua, kama umekopeshwa na mwenyewe anaidai. Kilomita ya kwanza 12, ya pili 10, ya tatu nasikia pumzi zake.

Pale tunapovuka barabara kubwa, vingora. Msafara. Wa nani sisemi, na sikuona, na wala haina maana, barabara ile ya uwanja wa ndege misafara ni kama mvua tu. Mimi nilikuwa tayari katikati ya lami. Afande wa trafiki akanyoosha mkono, na mkono ule ukashuka nyuma ya mgongo wangu, mbele ya kifua cha Musawo. Sekunde nane, tisa, ndo tofauti iliyokuwepo.

Nimefika ng'ambo nikageuka. Nilimwona. Amesimama ukingoni mikono kiunoni, anarukaruka kama mtoto aliyebanwa na mkojo, na pikipiki zimeanza kupita katikati yetu. Na yeye aliniona. Hakunyoosha mkono wala hakuita.

Watu wameniuliza kama nilielewa kinachotokea. Nilielewa. Nilikuwa na akili zangu zote, nilihesabu hata magari: mawili meusi, moja la wanajeshi, jingine, jingine, la wagonjwa mwisho. Hakuna sheria inayonilazimisha kusimama, hilo nimelisema hapa klabuni wiki sita nzima mpaka mmenichoka, na ni kweli, hakuna. Lakini ningeweza. Kulikuwa na kivuli cha mwembe pale pale, ningesimama chini yake nikanywa maji, gari la wagonjwa likapita, tukaendelea kutoka tulipokuwa. Ilinijia akilini, na ilinijia hata kwa sauti, psssss ile ya Jinja. Na miguu haikusimama. Niseme ukweli wote kwa vile nimeshaanza: iliongeza.

Nimeshinda kwa dakika 1 na sekunde 22. Nikavaa medali, nikapiga picha, ile mliyoiona mimi nimeinua mikono. Musawo alipofika alinikumbatia akasema "hongera, mbili mbili," akaokota taulo lake akawahi zamu. Yeye kuhusu msafara hajawahi kusema neno, ninyi ndo mmekuwa mkigombana, nusu ya klabu inasema sare, nusu inasema tatu moja, kocha akapendekeza tutoe muda wa kusubiri lakini nani aliupima, mzee wa saa alikuwa kwenye mstari. Na aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote kwamba matokeo ni matokeo ni mimi. Ile siku ya kikao nilimpigia meza yule kijana wa Mwanza aliyenikumbusha maneno yangu ya kwenye gari, nikamwambia hayo ni mambo mengine. Samahani mdogo wangu. Yalikuwa mambo yaleyale.

Kitabu cha mzee wa saa kiachwe kilivyo, sikuja hapa kufuta, nilikimbia na nilifika kwanza. Hilo silirudishi.

Ila Musawo, hebu simama. Kwenye huu mfuko mweusi kuna tyubu, mpya, saizi yako, valvu ndefu. Ndiyo ile ya Jinja niliyokwambia nitakuletea wiki ijayo, na wiki ijayo imekuwa miezi mitano na mimi nalala chini ya tyubu mia mbili. Sijaibeba tu ukutani. Nimetoa elfu kumi na tano kwenye pochi yangu nikaiweka kwenye droo, binti yangu akaniandikia risiti, niliomba anipunguzie akakataa. Risiti iko humo humo. Njoo uchukue.

(Musawo alikuja mbele, akafungua mfuko, akaitoa kwenye boksi, akaikagua valvu kwa kidole vile anavyokagua mshipa. Alafu akaniomba maiki, akauliza na samaki yuko wapi.)